Bustani ya Nyuma ya Jiko: Mboga za Nyumbani na Afya ya Familia Mkoani Songwe

Nyuma ya jiko la mama yetu, katika kijiji kimoja cha Mbozi, palikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa vyumba viwili. Humo mliota mchicha, mnafu, vitunguu vichache, na maboga yaliyotambaa hadi kwenye ua. Jioni mmoja wetu alitumwa kuchuma majani machanga ya maboga, ambayo sisi watu wa nyanda za juu kusini huyaita msusa, na kuyaondoa nyuzi. Mama aliyakatakata, akayachemsha kwa maji kidogo pamoja na nyanya, kisha akatia karanga zilizotwangwa kinuni. Chumvi ilikuwa ya mwisho. Ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, nchini Zambia, mboga za karanga za namna hiyo huitwa ifisashi. Mpaka haukugawanya vyungu.

Tulikiona kuwa chakula cha watu wasio na nyama. Nilipoingia katika kazi ya afya ndipo nilipotambua kwamba mama alikuwa akifanya jambo ambalo leo tunawafundisha akina mama kliniki. Nilitambua pia mahali alipokosea, bila kosa lake.

Ghala limejaa, mtoto amedumaa

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni mkoa wa chakula. Mahindi na maharage hustawi Mbozi na Ileje, mpunga hulimwa Kamsamba, na malori ya nafaka hupita Tunduma usiku na mchana. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba takribani watoto 43 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano mkoani humo walikuwa wamedumaa. Kwa nchi nzima, utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100.

Udumavu una sababu nyingi: lishe ya mama wakati wa ujauzito, kuhara kwa mara kwa mara, maji yasiyo salama, na uzazi wa karibukaribu. Lakini sababu mojawapo imo ndani ya sahani. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijazwa uji mweupe wa mahindi hushiba, ilhali mwili umekosa protini, madini chuma, zinki na vitamini A. Mtoto huyo halii njaa, kwa hiyo hatumwoni.

Nyumbani kwetu mboga zilikuwa za wakubwa. Kitinda mimba wetu alilishwa uji mtupu hadi alipoweza kumega ugali mwenyewe, naye alikuwa mfupi kuliko sisi sote. Siwezi kudai kwamba uji ndio uliomfupisha. Ninachojua ni kwamba msusa ulikuwa hatua kumi kutoka alipoketi.

Karanga na nyanya zilifanya kazi gani?

Majani ya kijani kibichi yana beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya kulinda macho na kinga. Beta-karotini huhitaji mafuta ili ifyonzwe utumboni. Karanga zile zilileta mafuta hayo, pamoja na protini. Asiye na karanga atie kijiko cha mafuta ya kupikia au ale mboga pamoja na kipande cha parachichi.

Majani yana madini chuma pia, ila chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida. Vitamini C hukisaidia; kwa hiyo kamulia ndimu mboga zikishaepuliwa, au kula chungwa au pera baada ya mlo. Dagaa wachache wakichanganywa na mboga nao huongeza ufyonzwaji wa chuma. Chai na kahawa hufanya kinyume, hivyo zisinywewe pamoja na mlo. Ni vema kusubiri walau saa moja.

Mahali mapishi yetu yalipopoteza

Mama alitia magadi kwenye maharage na mlenda ili viive upesi. Magadi huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, na huongeza sodiamu, jambo lisilofaa kwa mwenye shinikizo la damu. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva haraka bila magadi.

Kosa la pili ni kuchemsha mboga muda mrefu na kumwaga maji. Asidi ya foliki na vitamini C huyeyuka katika maji na kupungua kwa moto. Osha majani kabla ya kuyakata, tumia maji kidogo, funika sufuria, na epua mboga zikiwa bado na rangi yake. Kisamvu hakimo katika kanuni hii: kina sumu ya asili, hivyo ni lazima kitwangwe na kuchemshwa vizuri.

Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupwe. Zinaweza kuwa na sumukuvu inayodhuru ini, na kuzikaanga au kuzitwanga hakuiondoi.

Bustani kwa asiye na uwanja

Wengi wa wakazi wa Tunduma wanaishi katika vyumba vya kupanga. Gunia moja linatosha kuanza. Changanya udongo na samadi iliyooza kabisa. Simamisha kopo lisilo na kitako katikati ya gunia, ulijaze kokoto, ujaze udongo pembeni, kisha ulivute kopo juu na kurudia hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto hupitisha maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni upande miche, na juu usie mchicha, ambao huanza kuchumwa baada ya wiki tatu hadi nne.

Samadi mbichi huleta minyoo na vimelea vya kuhara. Usichukue udongo wa karibu na gereji, unakomwagwa oili chafu na betri kuukuu. Ukipulizia dawa ya wadudu, subiri siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya kuchuma.

Mvua zikikatika mboga huadimika. Wakati zingali tele, zitumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, kisha zikaushe kivulini penye hewa, maana jua kali huharibu beta-karotini.

Wanaohitaji tahadhari

Mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu kwa sababu ana bustani. Mboga ni nyongeza ya vidonge hivyo. Anayetumia warfarini asiache mboga za majani wala asizizidishe ghafla. Ale kiasi kilekile kila wiki, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Mwenye ugonjwa mkubwa wa figo aulize kwanza: huenda akahitaji kupunguza potasiamu, na kwake kuchemsha mboga na kumwaga maji kunafaa.

Kwa mhudumu wa afya

Agizo la "mama, mpe mtoto mboga" halitoshi. Muulize jana mtoto alikula nini, kutoka sahani ya nani, na kama mboga zilimfikia. Mweleze kwamba mtoto aliyetimiza miezi sita, huku akiendelea kunyonya, anaweza kupewa majani laini yaliyopondwa pamoja na karanga zilizosagwa laini ndani ya uji au ugali mwepesi. Aanze na vijiko viwili au vitatu, kisha aongeze kadiri mtoto anavyokua. Punje nzima za karanga asipewe, kwa maana zinaweza kumpalia.

Mwulize pia nyumbani kwao walipika nini zamani. Mara nyingi atataja msusa wa karanga, tena kwa aibu kidogo, kama mtu anayekiri umaskini. Hapo ndipo pa kuanzia. Mwambie chakula hicho ni kizuri, kisha umwonyeshe jinsi ya kukitenga kidogo kwa ajili ya yule mdogo kabla sahani ya wakubwa haijatua chini.