Usimnunulie mwanao raba ya 'kukulia'

LUSHOTO. Wazazi wengi tunanunua viatu kwa hesabu moja: chukua namba mbili zaidi, mtoto atavikulia. Kwa viatu vya kanisani au vya sikukuu, hasara yake ni ndogo. Kwa kijana anayefanya mazoezi ya mbio ndefu kwenye njia za mawe za Usambara, hesabu hiyo huishia kwenye kucha nyeusi, malengelenge na kifundo cha mguu kilichoteguka.

Sababu kubwa ni mteremko. Anayeshuka kutoka Irente kuelekea Mazinde, kila hatua uzito wa mwili unausukuma mguu mbele. Raba ikiwa kubwa, mguu unateleza ndani na vidole vinagonga ncha. Kisigino nacho kinapanda na kushuka hadi ngozi ichubuke. Akikanyaga jiwe linalobiringika, kiatu kinaelekea huku na mguu kule.

Wapo watakaosema wazee wetu walikimbia peku. Ni kweli Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila viatu, lakini zile zilikuwa barabara za mjini, si mawe ya mlimani. Tokyo mwaka 1964 alivaa viatu, akashinda tena.

Ipime hivi

Nenda na mtoto mwenyewe, jioni, miguu ikiwa imetanuka, akiwa na soksi anazokimbilia.

• Vidole: akisimama, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba chako. Hiyo inatosha kwa mteremko na kwa kukua kidogo.

• Kisigino: bonyeza nyuma ya raba. Isibonyee kama kitambaa. Kamba zikifungwa, kisigino kisipande anapotembea.

• Katikati: ikunje. Ijikunje penye vidole, si katikati ya unyayo. Ikisokotwa kirahisi kama tambara la kudekia, haitamshika mguu.

• Soli: iwe na meno ya kushika udongo unaoteleza wakati wa mvua, na unene wa kuzuia ncha za mawe.

Usidanganywe na ulaini. Raba nene na laini kama godoro inayumba juu ya mawe.

Kwenye mitumba

Iweke juu ya meza, uitazame kwa nyuma. Ikiinama upande mmoja, iache. Aliyeivaa kwanza ameshaipa umbo la mguu wake. Bonyeza ubavu wa soli: ukiwa mgumu na wenye mikunjo mingi, povu limekufa. Gundi iliyoachia kidogo fundi viatu ataishona, lakini povu lililokufa halina fundi.

Itunze

Ikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti makavu, kausha kivulini penye upepo. Moto wa jikoni huharibu gundi.

Raba ya mbio huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800. Anayekimbia kilomita 30 kwa wiki ataimaliza ndani ya miezi minne hadi sita. Basi ile ya kukulia itachakaa kabla mguu haujaifikia. Afadhali mtumba mzima unaomkaa leo.

Na mtoto akichechemea siku kadhaa, asiambiwe ajikaze. Apumzike, apelekwe kituo cha afya.