Kadinali Otunga: Mwana wa chifu aliyekataa kiti cha babake

Hebu fikiri, msomaji. Babako ni mkubwa wa nchi, ana mali na sauti. Siku moja anakuita na kukwambia kwamba kiti chake ni chako. Ungekikataa? Wengi wetu tungekikalia kabla mzee hajamaliza kusema.

Marehemu Kadinali Maurice Michael Otunga alikikataa. Alizaliwa Januari 1923 kijijini Chebukwa, Bungoma. Babake, Sudi Namachanja, alikuwa chifu mashuhuri wa Wabukusu enzi za ukoloni, mwenye wake wengi na watoto tele. Kijana huyu alitarajiwa kumrithi, lakini yeye akashika njia ya seminari.

Uzito wa uamuzi huo si mdogo. Hata leo, jamii zetu nyingi humwona mwanamume asiyeoa wala kuzaa kuwa amekata ukoo. Sembuse mwana wa chifu, na zama zile!

Ngazi hadi ngazi

Otunga alisomea seminari ya Gaba, Uganda, kisha akapelekwa Roma, ambako alipata upadri Oktoba 3, 1950. Aliporudi nyumbani alifundisha seminarini, halafu akafanya kazi katika ofisi ya mjumbe wa Papa mjini Mombasa.

Februari 1957, akiwa na umri wa miaka 34, aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Kisumu, Mkenya wa kwanza kufikia daraja hilo. Kumbuka kwamba wakati huo nchi ilikuwa bado mikononi mwa Waingereza. Mwaka wa 1960 alikabidhiwa jimbo la Kisii, na mwaka wa 1971 akawa Askofu Mkuu wa Nairobi. Machi 5, 1973, Papa Paulo wa Sita alimfanya kadinali, wa kwanza kutoka Kenya. Mwaka wa 1978 alikuwa miongoni mwa makadinali waliowachagua Mapapa wawili katika muda wa miezi miwili tu.

Hakuyumba

Usidhani kila mtu alimshangilia. Otunga alikuwa mpole wa sauti, lakini katika mafundisho ya Kanisa hakurudi nyuma hata hatua moja. Mwaka wa 1996, jijini Nairobi, alijiunga na viongozi wa Kiislamu kuchoma mipira ya kondomu hadharani. Ugonjwa wa Ukimwi ulikuwa ukifagia vijana, na waliopigana nao waliuliza: maisha ya watu je? Yeye alishikilia kwamba dawa ni uaminifu na kujizuia. Mabishano hayo yangali yanasikika majumbani na vyuoni.

Nyumba ya Wazee

Aprili 1997 alistaafu. Hapo ndipo maisha yake yanapotufunza zaidi. Mtu aliyeongoza jimbo kuu kwa zaidi ya miaka 25 hakutafuta jumba la kifahari. Alihamia Nyumba ya Wazee, Kasarani, ambako masista huwatunza wazee maskini, akaishi nao kama mmoja wao.

Aliaga dunia Septemba 6, 2003, akiwa na miaka 80, na akazikwa katika makaburi ya wamishonari ya St. Austin's, Msongari. Mwaka wa 2005 mabaki yake yalihamishiwa Resurrection Garden, Karen, ambako waumini huenda kusali. Tangu 2009 Kanisa limekuwa likiyachunguza maisha yake katika safari ndefu ya kumtangaza mtakatifu.

Msomaji, uwe Mkatoliki au la, jiulize swali moja. Mtoto wako akikwambia kesho kwamba hataki duka wala shamba ulilomtayarishia, kwa kuwa ameitwa kwingine, utamsikiliza au utamfungia mlango? Chifu Sudi alipoteza mrithi, lakini ni kwa mrithi huyo jina la Chebukwa lilifika Roma.