Tukipishana Njiani: Salamu za Wenye Sare katika Jinja na Mbale

Askari aliyepata kungoja basi mjini Mbale huenda amewaona vijana wa Soroti. Mashati yao ni meupe, yamepigwa pasi sawasawa, na mabegani mna mistari. Ni wanafunzi wa chuo cha urubani kilichoanzishwa Soroti mwaka 1971, enzi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Waendapo Entebbe hupita Mbale, wakashika barabara ya Tirinyi hadi Iganga, kisha Jinja na kuvuka Mto Naili. Kuruta aliyemaliza mafunzo juzi huwatazama akababaika. Je, mistari ile ni cheo? Akipishana na mtu mzima mwenye mistari minne, ainue mkono au apite zake?

Jibu la kanuni ni fupi: apite zake. Mistari minne ni ya kapteni wa ndege ya abiria, na mitatu ni ya msaidizi wake. Desturi hiyo ilienezwa na shirika la Pan American la Marekani katika miaka ya 1930, lilipowavika marubani wa ndege zake za kutua majini sare zinazofanana na za maafisa wa meli, ili abiria waliokuwa na hofu ya kupaa wapate imani. Nyuma ya mistari hiyo hamna kamisheni ya taifa. Saluti yetu haipewi mistari, wala haipewi mtu, bali hupewa mamlaka ambayo taifa limeyaweka mabegani mwa afisa. Ndiyo maana luteni mwenye umri wa miaka 23 hupigiwa saluti na sajini aliyemzidi umri kwa miaka 20, na sajini huyo hashushi hadhi yake hata kidogo.

Hata hivyo, swali la kuruta huyo si la kuchekwa. Yafaa tuwatazame hao watu wa ndege, kwa kuwa wao hawana sheria ya saluti, na bado salamu imekuwa kwao jambo la kufa na kupona.

Katika jengo la abiria la Entebbe hupishana wahudumu na marubani wa Uganda Airlines, shirika lililozaliwa mwaka 1976, likafa 2001, likafufuliwa 2019. Hupishana na wenzao wa Kenya, wa Ethiopia, wa Rwanda na wa nchi za mbali, kila kundi likivuta mizigo yake midogo. Hakuna amri inayowalazimisha kusalimiana. Anayetambua sare ya kazi moja na yake hutikisa kichwa, au huinua mkono kidogo, au huuliza hali ya hewa huko atokako mwenzake. Wengine hupita kimya. Enzi za East African Airways, tangu 1946 hadi shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977, Mganda, Mkenya na Mtanzania walivaa sare moja, kwa hiyo swali la nani amsalimu nani halikuwa zito. Leo kila nchi ina rangi zake, na salamu imekuwa hiari ya mtu.

Lakini ndani ya ndege mambo ni mengine. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa za abiria, moja ya KLM na nyingine ya Pan American, ziligongana katika njia ya kurukia huku ukungu umetanda. Walikufa watu 583. Kapteni wa KLM alikuwa mwalimu mkuu wa marubani wa shirika lake, mtu wa sifa kubwa. Alianza kuondoka kabla ya kupewa ruhusa. Mhandisi aliyeketi nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka njiani. Kapteni alijibu kwa mkazo kwamba imetoka, na mhandisi akanyamaza. Hakuuliza tena.

Baada ya msiba huo na mingine iliyofanana nao, mashirika ya ndege yalianza kufundisha jambo ambalo mzee yeyote wa kijijini angeliona ni la kawaida: kapteni akutanapo na watu wake kabla ya safari, awape mkono, ataje jina lake, aulize yao, na awaambie kwamba atakayeona hatari aseme. Aghalabu watu hao hawajapata kuonana. Asubuhi moja huwakusanya, na jioni huachana. Salamu ile ya dakika mbili ndiyo humfungua kinywa yule mdogo, ili saa ya hatari asione haya kumkatiza mkubwa.

Nami hupenda kuitazama saluti yetu kwa jicho hilo. Wanahistoria wa sare hutaja amri ya mwaka 1745 katika kikosi kimoja cha walinzi wa mfalme wa Uingereza, kwamba askari wasivue kofia mbele ya afisa, bali waigusishe mkono tu. Ile hadithi ya mashujaa wa kale waliofunua vifuniko vya chuma usoni ni tamu, lakini haina ushahidi. Katika shule ya maafisa wanafunzi tulikaririshwa pembe ya kiwiko, kunyooka kwa vidole na kiganja kutazama mbele, hata mabega yakauma. Kilichosemwa kwa ufupi mno, kwa maoni yangu, ni nusu ya pili: mkubwa hana hiari ya kutojibu. Mdogo huanza, mkubwa hujibu, na saluti haijakamilika mpaka mikono yote miwili imepanda na kushuka. Afisa apitaye langoni akiwa ameinamia simu, akamwacha mlinzi na mkono wake hewani, amevunja kanuni sawasawa na mlinzi ambaye hakuuinua. Tena amejinyima macho. Mlinzi yule ndiye atakayeona saa nane za usiku gari lisilojulikana limesimama kando ya ukuta, na itambidi aamue kama inafaa kumwamsha mkubwa.

Mkoa wetu wa mashariki umeonja uchungu wa heshima ya mkono isiyo na sikio. Neno afande, ambalo kila askari hulitamka mara 100 kwa siku, asili yake ni Kituruki, likapitia Misri na Sudani, likaingia Uganda pamoja na askari wa Kisudani ambao Kapteni Lugard aliwachukua karibu na Ziwa Albert mwaka 1891. Mwaka 1897 askari hao hao waliasi. Malipo yao yalikuwa duni, safari hazikuwa na mwisho, na sasa walitakiwa kwenda mbali zaidi na kuziacha jamaa zao. Walijifungia katika ngome ya Luba, hapa Busoga, kando ya ziwa upande wa mashariki wa Jinja. Meja Thruston, aliyejua lugha yao na aliyeamini kwamba wanampenda, alikwenda ngomeni kuwatuliza. Walimkamata, kisha wakamwua pamoja na Waingereza wenzake wawili. Mwaka 1964 Jinja iliona tena: tarehe 23 Januari askari wa kikosi cha kwanza cha Uganda Rifles walimzuilia kambini Waziri Felix Onama kwa sababu ya mishahara na kwa sababu ya maafisa wa Kiingereza waliokuwa bado wanawaongoza. Siku ya maasi huwa imetanguliwa na siku nyingi ambazo mikono ilipanda na kushuka kwa utaratibu, huku malalamiko yakiwa hayana pa kupitia.

Tugeukie sasa ndugu zetu wa polisi, kwa kuwa hapo ndipo kanuni inapokwisha na desturi kuanza. Afisa wa jeshi na afisa wa polisi hupeana heshima ya vyeo vyao. Hilo halina ubishi. Lakini konstebo wa kuongoza magari pale Mbale, na praiveti anayekatiza barabara kwenda kununua sabuni, hawana deni la saluti baina yao. Basi hupita kama watu wasioonana. Nimeona katika miji yote miwili askari jeshi wawili na polisi wawili wakinywa chai katika hoteli moja, kila jozi imeupa ukuta wake mgongo, na neno halikutoka upande wowote. Hakuna uadui hapo. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze, naye hajui ni nani mkubwa.

Sasa tazama kazi inapokuja. Mwezi Machi 2010 mlima ulipoporomoka na kukifunika kijiji cha Nametsi huko Bududa, mashine hazikuweza kufika. Askari walichimba kwa majembe na sepeto, bega kwa bega na wanakijiji. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mto Nabuyonga ulifurika ndani ya Mbale, na zaidi ya watu 20 walikufa. Katika shughuli kama hizo jeshi, polisi na Msalaba Mwekundu hushika kamba moja. Mtu aliye majini gizani hutaka kujua kama aliyeshika kamba huko juu anamsikia, na jina la mwenzake ni msaada kuliko namba ya kifuani. Konstebo na praiveti waliokwisha kuambiana habari za asubuhi pale barabarani, japo kwa miezi miwili tu, hawataanza kutafutana majina usiku wa mafuriko.

Kwa hiyo rai yangu kwa walio chini ya cheo cha afisa ni nyepesi: aliyefika mwisho aanze. Aingiaye hotelini awasalimu aliowakuta, ashukaye garini amsalimu aliyesimama. Ndivyo wafanyavyo raia wetu, na haijapata kuwapunguzia kitu. Madereva wa barabara ya Jinja nao wana yao, hupeana ishara ya taa wanapopishana, ingawa ndugu zangu wa usalama barabarani wanajua vizuri kwamba taa zile aghalabu si salamu, bali ni habari zao wenyewe zinazotangulia mbele.

Kwa raia jambo ni zito zaidi, kwani nchi hii imekuwa na miaka ambayo mwenye sare akikaribia, watu hawakungoja salamu. Wazee waliokuwa vijana katika miaka ya 1970 wangali hai, na macho yao hutazama kwanza mikono ya askari, ndipo uso. Mjini Mbale neno la kwanza la Mgisu ni mulembe, yaani amani. Katika Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa mwaka 1988, utasikia salaamu aleikum. Ukipanda Nabugoye kwa Wayahudi wa Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, utapokewa kwa shalom. Maneno matatu, maana moja, katika mji ambao mtu huuzunguka kwa baiskeli kabla ya chakula cha mchana. Doria ipitayo sokoni na kusema mulembe kwa mama muuza ndizi imemwambia jambo ambalo bunduki begani haiwezi kumwambia, naye kesho atakuwa na la kuwaambia wao.

Upande wa Jinja, Msoga husema kodheyo, neno la kumpokea mtu atokaye mahali. Hapo pia pana suala ambalo maafisa wetu wa kike huniuliza. Kwa mila ya Busoga mwanamke hupiga magoti kumsalimu mkubwa wake. Luteni akimkuta baba mkwe wake barabarani, naye amevaa sare na bereti, afanyeje? Maoni yangu, wala si amri ya mtu yeyote, ni kwamba katika zamu asimame wima, amsalimu kwa maneno yote ya heshima bila haraka, kisha magoti ayapige nyumbani akiwa na gauni. Wazee niliozungumza nao waliridhika. Wanachochukia ni kupitwa kimya, magoti huyavumilia.

Jinja ina jambo lake jingine. Chuo cha juu cha ukamanda kilichoko Kimaka hupokea maafisa wa nchi jirani, nao hutembea mjini. Afisa wa nchi rafiki aliyevaa sare apigiwe saluti kama wetu, hilo halina maswali. Utata huja jioni, wageni wakiwa wamevaa nguo za kiraia. Mtanzania kijana akimwona meja wetu mwenye mvi atamwambia, "Shikamoo, afande," na meja wetu, ambaye Kiswahili chake ni cha kambini, atajibu, "Jambo!" kwa sauti ya gwaride. Mgeni hatanuna, ila atadhani hakusikiwa, na pengine atarudia. Jibu lake ni "Marahaba," nalo hutamkwa taratibu, mikono ikiwa imetulia mahali pake.