Marafiki wasioonana: namna mashabiki walijijengea nyumba ya hadisi zao

Wenye kusikilizaka vipindi vya salamu wanajua jambo hili. Mtu wa Uvira anasalimia mwenzake wa Bukavu kila juma. Anajua jina lake la utani, anauliza habari za watoto wake, na hawajaonana hata siku moja. Mmoja akinyamaza, mwingine anauliza: «Fulani iko wapi? Ni mgonjwa?»

Ku intaneti pia urafiki wa namna hiyo uko. Leo tunaelezea kundi moja tu: watu wenye kuandika hadisi juu ya filamu na vitabu wanavyopenda. Tumewachagua kwa sababu urafiki wao ulizaa kazi kubwa, na kazi hiyo ina fundisho kwetu.

Hadisi za mashabiki ni nini?

Filamu inaisha, lakini moyo wa mtu haujatulia. Anajiuliza: yule askari aliyepotea alifika wapi? Mama yake alisema nini alipomuona mlangoni? Basi anaandika mwendelezo wake mwenyewe. Hauuzi, anawapa wenzake bure.

Desturi hii si ya juzi. Filamu ya mfululizo Star Trek ilianza kuonyeshwa ku televisheni ya Marekani mwaka wa 1966. Mwaka wa 1967, mashabiki walikuwa wamekwisha kutoa gazeti lao wenyewe, Spockanalia. Magazeti ya namna hiyo waliyapiga na mashine ya kuandika, wakatumiana kwa posta. Wengi wao walikuwa wanawake. Intaneti ilipofika, kile kilichokuwa kinachukua majuma kikachukua dakika.

Urafiki unaingia wapi?

Unaingia ku kazi yenyewe. Mwandishi, mbele ya kutoa hadisi yake, anaomba mwenzake aisome. Yule anasahihisha makosa, anamwambia: «Hapa umeenda mbio», au «Huyu mtu hawezi kusema hivi». Hakuna malipo. Mtu akikuonyesha kosa lako bila kukuchekelea, na wewe kesho ukimfanyia vilevile, hapo njo urafiki unaanza.

Kuko pia zawadi. Tangu mwaka wa 2003, mashabiki wana desturi ya mwisho wa mwaka inayoitwa Yuletide. Kila mmoja anasema hadisi gani angependa kusoma. Kisha anapewa kwa siri jina la mtu mwingine, na anamwandikia hadisi ya maneno 1,000 kwenda juu. Zawadi zinafunguliwa siku ya Noeli. Majina ya walioandika yanafunuliwa mwanzo wa mwaka mpya. Fikiri: mtu usiyemjua, wa inchi ya mbali, amekaa majuma mengi anatafuta neno litakalokufurahisha wewe peke yako.

Mwaka wa 2007 kulipita nini?

Wakati ule wengi walikuwa wanakutana kwenye LiveJournal, mtandao wa kampuni moja ya Marekani. Mwezi wa tano 2007, kampuni ilifunga mamia ya kurasa kwa mara moja. Ilisema inapigana na watu wanaotaka kudhuru watoto kwa uasherati. Lakini kati ya zile zilizofungwa kulikuwa kurasa za mashabiki na za watu waliokuwa wanajadili vitabu tu. Baadaye kampuni iliomba msamaha, ikafungua kurasa nyingi tena. Lakini woga ulibaki: kazi ya miaka, pamoja na mazungumzo ya marafiki, inaweza kupotea usiku mmoja, kwa kuwa nyumba si yenu.

Mwezi uleule, kampuni nyingine ilikuwa inatafuta kupata faida kwa hadisi za mashabiki. Hapo Naomi Novik, mwandishi wa vitabu juu ya majoka na vita, alitoa wazo: tujenge nyumba yetu wenyewe. Mwaka huohuo shirika lisilotafuta faida likaanzishwa. Wanamemba waligawana kazi: wenye kujua sheria, sheria, wenye kujua kompyuta, kompyuta, na wengine walijifunza ufundi huo palepale ndani ya kazi. Tarehe 14 mwezi wa kumi na moja 2009, nyumba ilifunguliwa kwa watu wote. Inaitwa Archive of Our Own, ni kusema «Ghala Letu Wenyewe». Jina hilo linakumbusha kitabu cha Virginia Woolf cha mwaka wa 1929, kinachosema kwamba mwanamke anayetaka kuandika anahitaji pesa na chumba chake mwenyewe.

Leo ghala hilo linachunga hadisi na kazi zingine zaidi ya milioni 10. Halina matangazo ya biashara. Wasomaji wanachanga, na wenye kujitolea wanafanya kazi. Kati ya lugha ambazo mwandishi anaweza kuchagua, Kiswahili kiko. Mwaka wa 2019, kule Dublin, ghala lilipewa zawadi ya Hugo, yenye heshima kubwa kwa hadisi za kubuni. Novik alipopanda kupokea, aliomba wote waliojiona kuwa sehemu ya kazi hiyo wasimame ndani ya ukumbi. Zawadi haikuwa ya mtu mmoja.

Je, hakuna ubaya?

Uko. Mwaka wa 2020, mashabiki wa mwigizaji mmoja wa China walikasirikia hadisi moja, wakaenda kuishtaki kwa serikali. Tangu mwezi wa pili mwaka ule ghala limefungwa katika inchi ile. Mashabiki wanaweza pia kuchoma nyumba ya wenzao.

Wazazi nao wajue: si hadisi zote ni za watoto. Na rafiki wa ku intaneti si wa kutumia pesa, picha za siri ao adresi ya nyumba. Wengi wa mashabiki hawa wamejuana miaka mingi kwa jina la utani tu.

Na sisi huku?

Mu makundi yetu ya WhatsApp kuko nyimbo za vijana, hadisi za wazee zilizorekodiwa kwa sauti, picha za mitaa ambayo leo haiko tena. Wengi wetu tumekimbia na telefone tu mfukoni. Telefone ikiibiwa ao ikianguka ku maji, vyote vinaenda nayo.

Hatuna lazima ya kujenga ghala kubwa. Tuanze na kidogo: mtu mmoja ku kundi achaguliwe kuchunga kazi, kopi moja ikae kwa mwanamemba wa muji mwingine, jina la aliyeimba ao aliyeandika lisikose, na kundi lipatane mapema nani ana ruhusa ya kufuta. Wale mashabiki hawakuwa matajiri. Walikuwa wamezoea kusomeana, na hapo njo nguvu yao ilitoka.

Na kama mwenzako wa kundi amenyamaza siku mingi, usingoje. Umuulize habari.