TAARIFA KWA WAZAZI: FIGO ZA MTOTO BAADA YA MAAMBUKIZO MAKALI

Wazazi, walezi na wafanyakazi wote wa Serikali wa Unguja na Pemba wanaarifiwa kwamba mtoto aliyelazwa kwa maambukizo makali yaliyoenea mwilini, maradhi ambayo madaktari huyaita sepsisi, huwa hajamaliza matibabu siku anapotolewa hospitali. Homa hushuka, naye mtoto hula na kucheza, lakini figo zake huenda zimeumia bila ya dalili yoyote kuonekana.

Sepsisi hutokea pale mwili unapopambana na vijidudu kwa namna inayodhuru viungo vyake wenyewe. Chanzo chaweza kuwa nimonia, maradhi ya kuharisha, jeraha au, kwa mtoto mchanga, maambukizo ya kitovu. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2020 yalionesha kwamba katika mwaka 2017 wagonjwa wapatao milioni 49 walipatwa na sepsisi duniani, na takriban milioni 20 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Figo hupokea kiasi cha sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo. Shinikizo la damu linaposhuka kwa sababu ya sepsisi, figo hukosa damu ya kutosha. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na mtoto aliyezaliwa kwa wakati huwa ameshaumbiwa vyote tumboni mwa mama. Kinachokufa hakioti tena. Vilivyobaki hubeba kazi ya vilivyopotea na, baada ya miaka mingi, navyo huweza kudhoofika. Kwa hivyo mtoto aliyeugua akiwa na miaka 2 aweza kugundulika na shinikizo la damu akiwa skuli ya sekondari.

Watoto wengi hupona vyema. Wanaohitaji uangalizi zaidi ni wale ambao mkojo wao ulipungua au kukatika walipokuwa wakiugua, waliosafishwa damu kwa mashine, na waliozaliwa njiti. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2012 unashauri kwamba mgonjwa aliyeumia figo ghafla apimwe tena baada ya miezi 3. Vipimo vinavyohusika ni hivi:

(a) Shinikizo la damu, kwa kitambaa kinacholingana na mkono wa mtoto. Kitambaa cha mtu mzima huonesha kiwango cha chini kuliko hali halisi.

(b) Mkojo, kuangalia kama una protini.

(c) Damu, kuangalia kreatinini. Kreatinini hutokana na misuli, hivyo mtoto aliyekonda kwa maradhi aweza kuonesha kipimo kizuri ilhali figo zake ni dhaifu. Kipimo cha siku ya kutoka hospitali peke yake hakitoshi.

(d) Urefu na uzito, kwani figo dhaifu huzuia ukuaji.

Daktari ndiye atakayeamua vipimo hivyo virejewe lini.

Wazazi wanakumbushwa kuhifadhi cheti cha kutolewa hospitali na kumuonesha kila daktari atakayemtibu mtoto, hata baada ya miaka. Mtoto huyo asipewe ibuprofeni wala diklofenaki, wala dawa za miti shamba, bila ya ushauri wa daktari. Akiharisha au kutapika, apewe maji ya chumvichumvi mapema na apelekwe kituo cha afya. Aidha, apelekwe bila ya kuchelewa iwapo uso au miguu inavimba, mkojo unatoka na povu au rangi ya chai, au umepungua.

Masheha na walimu wanaombwa kuwafikishia wazazi taarifa hii. Wakuu wa sehemu za kazi nao wanaombwa kuwapa nafasi wafanyakazi wanaowapeleka watoto kupimwa, kwa kuwa mtoto anayeonekana mzima ndiye ambaye siku yake ya kliniki husahauliwa kwa urahisi.