Kufuli Lilibaki Mkobani

Ukisikia mtu anajitolea Ujerumani, usidhani ni kula bata tu. Mimi nilikuwa nahudumia wazee, na kwa sisi tuliokuwa hatujafika miaka 27, mwaka wa kujitolea ulikuja na siku 25 za semina. Semina ya tatu ilikuwa Cologne, na katikati tukapewa siku moja ya mapumziko.

Basi nikaenda kanisa kuu. Ujenzi wake ulianza 1248 ukamalizika 1880. Ukipanda ngazi 533 za mnara kwa miguu yako, ndipo unaelewa kwa nini walichelewa! Nikiwa huko juu, magoti yanatetemeka, simu ikaita. Mchumba wangu, Dar.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Darasani."

Na upepo unavuma kama wa Coco Beach.

Kwa nini nilidanganya? Mwenzangu alikuwa anahangaika na vikao vya harusi yetu, akikimbizana na watu wa michango. Niliona aibu kustarehe.

Jioni nikafika daraja la Hohenzollern, juu ya mto Rhine. Tangu 2008 wapenzi hufunga hapo makufuli yenye majina yao, ufunguo wanautupa majini. Langu nilishalinunua. Vidole vikagoma.

Nikakaa ukingoni, nikala soseji, nikampigia.

"Mchana sikuwa darasani."

Kimya. Kisha akasema, "Nilisikia upepo. Haya, umeona nini?"

Nikaanza na zile ngazi.