NILIUZA BAJAJI, NIKAFUFUA TURBO!

USIONE vyaelea, vimeundwa! Wazee wetu wa pwani waliposema maneno hayo walikuwa wanatazama majahazi. Mimi mwenzio nikiyasikia siku hizi naifikiria Subaru moja ya rangi ya fedha. Ukikaa kijiweni Nangurukuru jioni utaiona ikikata kona kuelekea Kilwa Masoko, inaunguruma ule muungurumo wa bu-bu-bu-bu unaowafanya washikaji wageuze shingo.

Wengi wananiuliza, "Kaka, chombo hicho umekipata wapi?" Wachache sana wanauliza ilikuwaje. Leo, mpenzi msomaji, nakupa mkanda mzima. Usiishie njiani, maana pale nilipoangukia pua ndipo penye somo.

ILIKUWA BANDA LA KUKU

Gari lenyewe ni Forester ya mwaka 2003, ile yenye tundu juu ya boneti. Mjomba wangu aliinunua mwaka mmoja aliopata bei nzuri ya ufuta, akatamba nayo miaka miwili tu. Siku moja ikaanza kutoa moshi wa bluu, ikapiga mluzi kama birika la chai, nguvu zikaisha. Fundi wa kwanza akasema hili, wa pili akasema lile, na kila aliyeifungua aliirudisha ikiwa na boliti pungufu. Mjomba akachoka. Akaiweka juu ya mawe chini ya mwembe pale Masoko, ikakaa miaka minne.

Miaka minne Kilwa si mchezo, bwana! Bahari iko hatua chache, na pepo za kusi na kaskazi zinapokezana kuleta chumvi. Kutu ilikula sakafu upande wa dereva hadi ukiinama unaona mchanga. Panya wakatafuna waya. Kuku wa jirani akatotoa vifaranga kwenye kiti cha nyuma. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoitikisa pwani yetu na barabara ya Dar ikakatika pale Somanga, tawi la mwembe nalo likaangukia kioo cha mbele. Wanunuzi wa vyuma chakavu wakaanza kupiga hodi.

Nikaenda kwa mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya lile gari, au nimekosea?"

"Hujakosea mjomba."

"Haya, lichukue. Ila nisikilize mpwa wangu. Msimu wa ufuta wa mwakani ukifika halijawaka, watu wa vyuma chakavu wanalibeba. Na pesa yangu usiitazamie hata shilingi."

Mimi ni kijana wa kidato cha nne. Makala hizi ninazokuletea nakuandikia kwa mapenzi, lakini kilichokuwa kinaleta unga nyumbani ni bajaji yangu ya kubeba abiria. Unajua nilichofanya? Niliiuza! Shilingi milioni 4 na nusu taslimu. Mama yangu hakunisemesha wiki mbili. Ananiwekea chakula, anakifunika kwa kawa, anaondoka zake.

TURBO NI MDUDU GANI?

Kabla sijaendelea, tuelewane. Injini ili itoe nguvu inahitaji petroli na hewa. Petroli kuongeza ni rahisi, kazi iko kwenye hewa. Mwaka 1905 mhandisi mmoja wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha hataza ya ujanja huu: ule moshi unaotupwa nje uzungushe pangaboi, na pangaboi hilo liunganishwe kwa mhimili na jingine linalosukuma hewa ndani ya injini kwa shinikizo. Moshi uliokuwa unapotea bure unakuwa kibarua.

Basi hilo ndilo turbo. Mapangaboi yake madogo ukiyashika yanaenea kiganjani, lakini gari likichanganya yanazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika! Mhimili wake hauegemei chuma kikavu, unaelea kwenye utando mwembamba wa oili. Oili ikichelewa kidogo tu, kwisha habari. Shika neno hilo, msomaji wangu. Mimi sikulishika, na liligharimu.

NILIPOANGUKIA PUA

Nilipanda basi hadi Dar nikiwa na noti mfukoni na kichwa kimejaa moto. Nikazunguka Ilala na Gerezani kwenye spea za mtumba, nikapata turbo kwa laki 6. Nikarudi nayo nimeipakata kama mtoto mchanga.

Tukafunga, mimi na kijana mwenzangu fundi. Tukaweka betri, tukaunga waya zilizoliwa, tukabadili oili. Gari likawaka! Mtaa mzima ulitoka. Nikalipeleka hadi Nangurukuru na kurudi, kifua mbele, nimesahau kwamba hata breki zilikuwa zinashika upande mmoja.

Siku ya pili nikasikia ule mluzi wa birika. Jioni, moshi wa bluu. Usiku nikafungua bomba la hewa, nikashika pangaboi, likacheza kama jino bovu. Laki 6 zimekwenda na maji. Nilikaa chini ya mwembe nikalia, sikufichi.

Asubuhi nikaenda Kilwa Kivinje kwa fundi mmoja mtu mzima, aliyezeekea kwenye injini za malori ya samaki na maboti. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu:

"Ile turbo ya kwanza ilikufa kwa nini?"

Sikuwa na jibu.

"Basi, dogo, ulimzika mgonjwa bila kuujua ugonjwa, kisha ukamlaza mwingine kitanda kilekile."

Tukaja naye Masoko. Kwenye injini nyingi za Subaru turbo za miaka ile, ndani ya boliti inayoshika bomba la oili kuna kichujio kidogo cha wavu, kidogo kuliko kifuniko cha kalamu. Fundi akakitoa, akakigonga kiganjani. Kilikuwa kimejaa masizi meusi mazito kama lami. Oili ilikuwa haipiti! Turbo ya mjomba iliuawa na masizi hayo, na yangu ikafuata njia hiyohiyo. Kichujio ambacho kingesafishwa kwa dakika chache kiliua turbo mbili.

OILI, MAJI, BREKI... FARASI BAADAYE

Fundi akanipa sharti: "Nikifanya kazi hii, tunafuata utaratibu. Oili, maji, breki. Farasi utaniuliza mwisho."

Tukaanza na kupima kompresheni. Injini hii ni boksa, pistoni nne zimelala mbili huku mbili kule, zinapigana ngumi. Zote nne zikasoma karibu sawa. Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza. Ingekuwa moja imeporomoka, hadithi yangu ingeishia kwenye mzani wa vyuma chakavu.

Oili: tukashusha sampo, tukakomba masizi kwa kijiko, tukasafisha kila bomba. Maji: wotapampu mpya, rejeta iliyozibuliwa, mipira yote mipya. Taimingi belti mpya vilevile, maana ya zamani ilikuwa na nyufa kama kisigino cha mkulima, na kwenye injini hii ikikatika gari liko kwenye mwendo, valvu zinagongana na kupinda.

Sakafu tukaikata yote iliyooza, tukachomelea bati jipya, tukapaka rangi ya kuzuia kutu chini hadi kwenye pembe zisizoonekana. Breki tukafumua zote. Pistoni za breki mbili zilikuwa zimeganda kwa chumvi, ndiyo sababu gari lilikuwa linavuta upande.

Tairi nazo zikanipa funzo. Mimi nilisema bado zina meno. Fundi akanionyesha tarakimu nne ubavuni. Ukikuta 3518, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2018. Raba huzeeka hata ikiwa imesimama. Meno yalikuwepo kweli, lakini ubavu ulikuwa umekauka kama ganda la nazi. Tukatupa zote nne.

Turbo ya pili nilinunua kwa akili: nikaicheza mhimili kwa kidole dukani, nikamulika ndani na tochi ya simu, nikakataa mbili kabla ya kuchukua ya tatu. Kabla ya kuwasha tukazungusha injini kwa stata bila kuiruhusu iwake, hadi oili ikafika juu. Ilipowaka, hakukuwa na mluzi wala moshi.

SASA HABARI YA FARASI

Forester hii ilitoka kiwandani Japani na nguvu za farasi 220 kwa injini ya lita 2 tu. Ndugu yake Impreza WRX wa miaka ile, mwenye injini ya ukoo uleule, alipewa 250. Nikasema na mimi nataka kufika hapo, nisizidi.

Tukafunga intakula kubwa kidogo. Hiyo ndiyo inayopoza hewa iliyoshindiliwa, na lile tundu la boneti ni pua yake. Tukaweka bomba la moshi pana. Kisha nikalipeleka Dar kwa kijana mmoja wa kompyuta akairekebisha kontroboksi. Hapo wengi wanaunguza injini. Turbo za Kijapani zilipangwa kwa petroli ya Kijapani ya daraja la juu, oktani 100. Petroli yetu ya kawaida haifiki huko. Ukiongeza presha ya hewa bila kurekebisha, mafuta yanalipuka kabla ya wakati na pistoni inatoboka. Kijana alitaka kunipa zaidi, nikamwambia hapohapo panatosha.

Je, ni farasi 250 kamili? Sina mashine ya kupimia, na anayekutajia namba bila kupima anakupiga fiksi. Ninachojua ni kwamba ukikanyaga, mgongo unabanwa kwenye kiti.

Wapenzi wa mbio hawashangai. Celica turbo ilimpa Mkenya Ian Duncan ushindi wa Safari Rally mwaka 1994. Impreza ikawapa Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Lakini wale walikuwa na mafundi kundi zima wakiwasubiri njiani. Mimi nina fundi mmoja wa Kivinje, na ana shughuli zake.

SIKU MAMA ALIPOONGEA

Mjomba hunikumbusha kwamba zamani gari kama hili huku Kusini ungelipeleka wapi? Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika abiria wa Lindi na Mtwara walilala njiani. Sasa lami ipo, na lami hiyo imenyooka hadi inakushawishi. Ndiyo hatari yake. Vijijini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, askari wapo na tochi zao, na kosa moja ni faini. Lakini faini ni afadhali. Mbuzi, baiskeli na watoto hawatoi risiti.

Juni 2025, msimu wa ufuta umeanza, nilimpeleka Mama kliniki ya macho Lindi. Alikaa kimya tangu Masoko. Karibu na Kiranjeranje bodaboda ikachomoka porini na magunia mawili ya mkaa, ikaingia barabarani bila kutazama. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likainama pua, likasimama limenyooka, halikuvuta kushoto wala kulia. Kijana wa bodaboda akatutazama, akapepea mkono, akaenda zake.

Mama akarekebisha khanga yake. Akasema, "Breki zake nzuri."

Basi. Hakusema turbo, hakusema farasi. Nikakumbuka ile safari yangu ya kwanza ya Nangurukuru na breki za upande mmoja, mwili ukanisisimka. Ingekuwa siku ile, leo nisingekuwa nakuandikia.

HESABU YA MWISHO

Nisikuache na tamaa bila hesabu. Nimetumia milioni 5 na laki 8, pamoja na zile laki 6 za ujinga. Deni la laki 5 bado nalipa. Gari linakwenda kilomita 8 kwa lita nikiendesha kistaarabu, na kila EWURA wanapotangaza bei mpya za mafuta roho inanidunda. Oili nabadili kila kilomita 5,000 na sitaki oili ya kupimiwa kwenye chupa za maji. Nikitoka mwendo mrefu, naliacha lingurume dakika moja kabla ya kuzima, turbo ipoe.

Kwa bahati mjomba alipoliona limewaka alinyamaza kidogo, kisha akanipa kazi ya kumzungusha vijijini kukagua ufuta wake. Mafuta yake, posho yangu. Kila siku gari linakwenda kazini kama bajaji ilivyokuwa. Bila mjomba, ningekuwa kijana mwenye farasi 250 na njaa.

Kwa hiyo mshikaji wangu unayelitolea macho gari la shangazi lililo juu ya mawe, sikukatazi. Ila kabla hujanunua hata boliti, jiulize lilikufa kwa nini. Na kabla hujaliongezea mbio, hakikisha linajua kusimama.

Kwa leo natia nanga hapa. Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo. Alamsiki!